Upande wa Bi Mdogo

3 Februari

Mwanangu Fundi Waya,

Shikamoo yako ya mwezi uliopita ilifika, na marahaba yangu ikaipokea mlangoni. Huku sisi wazima. Mama yako mzima, kikohozi kimemwachia, na mimi mzima vilevile, ukiondoa hili tundu la shingoni ambalo bado linapiga filimbi nikipanda ngazi. Daktari alisema tutalizoea. Yeye amelizoea. Hofu yetu ni kwako wewe huko kambini kwa wapasua mawe, mahali ambapo hata barua inabidi ipande lori la unga ndiyo ifike.

Ama baada ya salamu, mwanangu, sauti yangu imepotea tena.

Usicheke kwanza. Ya kwanza ilibaki hospitali, walipolitoa koromeo zima na ugonjwa wake. Bahati yangu ulikuwa umeshanikalisha wiki nzima mbele ya kipaza sauti kabla sijapasuliwa, ukanitapisha maneno yangu yote ya mnadani, ukayapanga kwenye kompyuta ya pale uwanjani, kila kitufe na neno lake. Nikibonyeza K, spika inanguruma: "Kabati la milango mitatu, halina mchwa, halina kesi!" Nikibonyeza cha namba moja, "Mara ya kwanza!" Cha mbili, "Mara ya pili!" Na kile kitufe kirefu cha chini, nakipiga kwa kiganja kizima: "Imekwenda!" Miaka miwili nimenadi kwa vidole, na watu wamenunua. Wengine waliniambia sauti imekuwa nzuri kuliko nilipokuwa nayo shingoni.

Sasa sikia. Unakumbuka ulivyoigawa ile mashine kama mume mwenye wake wawili: upande wa Bi Mkubwa hesabu za Tajiri mwenye uwanja, upande wa Bi Mdogo sauti yangu. Ukiwasha, kilikuwa kinatokea kioo cheusi chenye mistari miwili, unachagua leo unaingia kwa nani. Jumatatu Tajiri alikuwa kwenye hesabu zake, mashine ikamwandikia kwamba inajisasisha na asiizime. Hakuizima. Ilipomaliza na kuwaka upya, haikuuliza kitu. Ikaingia moja kwa moja kwa Bi Mkubwa, na tangu siku hiyo kila tukiwasha ni Bi Mkubwa. Mistari miwili haipo. Tena Bi Mkubwa mwenyewe ametoa tangazo kwamba kuna sehemu ya mashine haisomeki, je, tunataka kuifanyia "format"? Tajiri alikuwa ameshanyoosha kidole kukubali. Nikamshika mkono kwa nguvu mpaka akaniuliza kama nataka kumng'oa bega.

Jumamosi nilinadi kwa chaki. Niliandika bei ubaoni, nafuta, naandika, nafuta. Watu walicheka, wakachoka kucheka, wakaanza kuuziana wenyewe kwa wenyewe. Kitanda cha mbao ngumu, kitanda cha kuzalia watoto kumi, kilikwenda kwa bei ya fagio. Tajiri amenikalisha chini, akaniambia atanivumilia mpaka mwisho wa Aprili, baada ya hapo atatafuta mtu mwenye koo. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma.

Niambie la kufanya. Vidole ninavyo.

Baba yako,
Mnadi


19 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na mama shikamoo yake aipate mapema kabla hajauliza kama nakula. Nakula, mwambie. Mimi mzima, vumbi la mawe tu ndilo linaingia mpaka kwenye sabuni. Majenereta mawili kati ya matatu yanafanya kazi, kwa hiyo mimi ndiye mtu anayependwa kuliko wote kambini.

Baba, sauti haijapotea. Tulia kwanza, kaa, mwite mama akusomee tena: haijapotea. Kilichopotea ni bawabu.

Ile mistari miwili uliyokuwa unaiona ilikuwa kazi ya kijiprogramu kidogo ambacho mimi nakiita bawabu. Anakaa mlangoni, mashine ikiwaka anauliza, "Unakwenda kwa nani?" Bi Mkubwa alipojisasisha amemfukuza bawabu na kukaa mlangoni mwenyewe, na yeye kwake hakuna njia ya kwenda kwa Bi Mdogo, hamjui wala hataki kumjua. Chumba cha Bi Mdogo kipo palepale, kimefungwa, na maneno yako yote yamo ndani. Ndiyo hiyo sehemu anayosema haisomeki. Ulivyomshika Tajiri mkono uliokoa kila kitu, maana "format" ni sumu. Ikitokea tena, kataa.

Na tafadhali, usimpelekee yule fundi simu wa mtaani. Yule ana dawa moja kwa magonjwa yote, anapiga chini na kuweka upya. Ukimpelekea jino atakurudishia taya jipya. Hatuna nakala nyingine, baba. Flashi niliyokuachia iliondoka na begi lako lililoibwa, na mimi nilisema nitatengeneza nyingine nikija likizo, likizo ikasogezwa, ikasogezwa tena. Kwa hiyo yaliyomo kwa Bi Mdogo ndiyo hayohayo.

Kwenye droo ya cherehani ya mama niliacha diski ya uokoaji. Inang'aa, nimeiandika BAWABU kwa wino mwekundu. Kwa diski hiyo ndiyo tutamrudisha bawabu kazini. Itie kwenye mashine, zima, washa, na mara tu ukiwasha gonga kitufe cha F12 mfululizo, kama mtu anayemgongea jirani mwenye usingizi mzito. Italeta orodha, chagua mstari wenye neno DVD. Ikifunguka, simama hapo. Usibonyeze kitu kingine. Niandikie unachokiona, na mimi nitakuandikia hatua inayofuata. Tutakwenda polepole, kwa mwendo wa lori, lakini tutafika.

Mwanao,
Fundi Waya


6 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie hayo majenereta mabovu ili uzidi kupendwa. Sisi wazima. Mama yako amesoma barua yako mara tatu kwa sauti, ameanza kutembea na neno "bawabu" kama amelizaa yeye. Jana mgeni kabisha hodi, akamjibu, "Bawabu hayupo, pita."

Kisahani chako kwenye droo hakikuwemo. Tulipekua nyumba, tukapekua hadi chini ya godoro, mama yako akiuliza kila mara kinafananaje. Nilipomchorea duara lenye tundu katikati akatoka nje taratibu, mimi nyuma yake, mpaka kwenye bustani yake ya mboga. Kilikuwa kinaning'inia kwenye ule mti wa pazia aliouchomeka ardhini, kwa uzi wa kushonea, kinafukuza ndege. Anasema kinawafukuza vizuri sana. Jua limekipiga, mvua imekipiga, na ndege wenyewe wamekilipizia kisasi, unaelewa namna gani. Neno BAWABU limebaki BA tu.

Nilikitia hivyohivyo. Nikagonga F12 kama ulivyosema, orodha ikaja, nikachagua DVD. Mashine ikanguruma, ikakizungusha, ikakohoa kama mimi zamani, kisha ikakitema na kunirudisha kwa Bi Mkubwa. Nimejaribu tena na tena, ni hivyo tu. Nifanye nini?

Halafu nikwambie jambo, ila usimwambie mama yako kwamba nimekwambia. Usiku ule nilipomwambia kisahani kimekataa, aliniuliza, "Kwani hata ile M imekwenda?" Nikamwandikia, M ipi? Akaona aibu kama msichana. Kumbe siku zote anazoniletea chakula uwanjani, mimi nikienda kunawa, alikuwa anajisogeza kwenye mashine na kubonyeza M. Na mimi nilikuwa nimesahau kwamba ulinirekodi hiyo siku nikikutania: "Mama Fundi, uko wapi? Njoo tugombane kidogo." Miaka miwili mke wangu ananisikiliza kwa kuiba. Tajiri alikuwa anajua. Wateja walikuwa wanajua. Mwenye sauti ndiye nilikuwa sijui.

Kwa hiyo sasa hata kazi naiweka pembeni. Nataka ile M.

Baba yako,
Mnadi


9 Machi

Mwanangu,

Salamu ni zilezile za juzi, wazima wote. Lori lilishaondoka na barua yangu ya tarehe 6, hii itasubiri lijalo, lakini siwezi kukaa nayo kifuani.

Kimesoma! Niliona haya kukusubiri kwa jambo dogo, nikakiosha kisahani kwa maji na sabuni, nikakipangusa kwa upindo wa shati, nikakitia. Kikazunguka bila kukohoa. Na unajua mashine ilinisalimiaje? "Karibu." Kwa Kiswahili! Mtoto wewe, ulikaa ukaiwekea Kiswahili ili baba yako asihangaike. Nilikaa pale naitazama kama nimeletewa barua na mfalme. Chini yake kuna mistari miwili, "Jaribu bila kusakinisha" na "Sakinisha."

Sikubonyeza kitu. Ulisema nisimame, nimesimama. Nimeizima na kuifunika kitambaa. Nasubiri neno lako, na neno lako nitalifuata lilivyo, herufi kwa herufi.

Baba yako,
Mnadi


22 Machi

Baba,

Shikamoo, shikamoo mama. Mimi mzima. Naandika nimesimama, lori limeingia sasa hivi na linageuza, dereva hataki kuzima injini. Nimepata barua yako ya tarehe 6. Nimecheka ndege wa mama mpaka wenzangu wameniuliza nimetumiwa nini. Halafu nimesoma ile ya M, nikaacha kucheka.

Tatizo ni dogo, usikate tamaa. Futa diski. Ifute yote, taratibu, isibaki na alama hata moja. Usiogope kwamba utaharibu kitu, nimefuta nyingi zilizokuwa mbaya kuliko hiyo. Ukishafuta diski, mashine itafunguka bila ubishi, utaona.

Mengine nitayaandika kwa utulivu, barua ndefu, hatua kwa hatua. Mwambie mama M haijaenda popote.

Mwanao,
Fundi Waya


5 Aprili

Mwanangu, fundi wa mafundi,

Marahaba, na leo iwe marahaba ndefu. Sisi wazima kuliko wazima. Mama yako amefua ile fulana yangu ya mnadani na kuipiga pasi, fulana ambayo haijawahi kuona pasi tangu inunuliwe.

Nimefanya. Barua yako ilipofika nilikwenda nayo uwanjani, nikaiegemeza kwenye kioo ili niisome huku nafanya. Nikawasha, "Karibu" ikaja. Nikatafuta mahali palipoandikwa neno lako, pale mbele halikuwepo, nikaingia mlango wa "Sakinisha", nikapita maswali ya lugha na ya saa, na hapo nikalikuta. Lilelile, mwanangu, kama lilivyo kwenye barua yako: "Futa diski na usakinishe." Nililinganisha herufi kwa herufi, nikaweka kidole kimoja kwenye karatasi na kingine kwenye kioo. Mashine na mwanangu wanasema kitu kimoja. Nilijisikia fahari ambayo siwezi kukueleza.

Ikaniuliza, una uhakika? Ikanionya kwamba kila kitu kitaondolewa. Hapo nilisita, sikufichi. Nilikunywa maji. Nikarudi kwenye barua: "Ifute yote. Isibaki na alama hata moja. Usiogope kwamba utaharibu kitu." Nikasema moyoni, mimi sina uhakika, lakini mwenye uhakika ni yeye. Nikabonyeza Ndiyo.

Ikaleta mstari unaojaa polepole. Tajiri alikuja akasimama nyuma yangu, naye nikamwonyesha barua, akasema, "Huyu kijana wako ana akili." Mstari ulipofika mwisho, mashine ikazima na kuwaka yenyewe, na kweli ikafunguka bila ubishi kama ulivyoahidi. Haraka, safi, haina hata moja ya yale makaratasi ya Bi Mkubwa yaliyokuwa yamejaa kila kona.

Sasa nimekwama padogo tu. Mama yako alikuwa amekaa pembeni, amejifunga kitenge kipya, akabonyeza M. Haikusema kitu. Nikabonyeza K, nikabonyeza moja, mbili, nikapiga kile kirefu kwa kiganja. Kimya. Spika ni nzima, nimeipima. Hesabu za Tajiri nazo hazionekani, lakini yeye ana daftari zake na ameniambia nisijali, tusubiri barua ndefu uliyoahidi.

Nieleze, umeyaweka wapi? Nibonyeze nini? Mwisho wa mwezi unakaribia na mama yako amekataa kuvua kitenge.

Baba yako,
Mnadi


25 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa. Mama namwamkia, na namwomba avue kitenge akitunze, kitavaliwa tu.

Baba, umefanya kazi nzuri. Hakuna wengi wa umri wako ambao wangefika ulipofika, peke yao, kwa barua. Mashine sasa ni imara, nyepesi, itadumu miaka mingi. Ni mashine ambayo fundi yeyote angejivunia.

Kuhusu sauti, zipo. Zimeshuka chini kidogo, zimelala, mahali ambapo mtu asiye fundi hawezi kuzifikia, na mimi nikija nitaziamsha. Ninachokuomba ni kimoja: izime mashine leo hii. Ng'oa waya ukutani. Mtu asiiwashe, asiandike kitu humo, asiweke hesabu, asiweke picha, hata Tajiri. Ifunike kitambaa kama ulivyofanya mwanzo. Kila kinachoandikwa juu kinazikandamiza zilizo chini.

Ile barua ndefu niliyokuahidi usiisubiri, imepitwa na wakati. Nimeomba ruhusa nije wiki mbili. Wamesema kabla ya mwakani haiwezekani, na nikiondoka bila ruhusa nisirudi. Nitaomba tena.

Mwambie Tajiri avumilie. Mwambie nimesema bidhaa bado ni nzima.

Mwanao,
Fundi Waya


18 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, ametoka kunipangusa tundu na sasa anakupikia kwa mawazo.

Barua yako ilifika tukiwa tumeshachelewa. Siku chache baada ya mimi kukuandikia, Tajiri alichoka kusubiri, akamwita mtu akamrudishia mambo yake ya hesabu, na amejaza humo mwezi mzima, na picha za samani, na video za harusi ya mpwa wake. Hakufanya kwa ubaya, hakuna aliyemwambia.

Lakini hata isingekuwa hivyo. Mwanangu, mimi ni mnadi. Nimeuza vitanda vya miguu mitatu. Nimesimama mbele ya friji lililokufa nikasema, "Imara, nyepesi, itadumu miaka mingi." Unaposoma barua ya mtoto wako ukakuta maneno yako mwenyewe ya kusifia kitu kilichovunjika, unayajua. Uliponiambia bidhaa bado ni nzima nilikunja karatasi, nikaiweka mfukoni, nikatoka nje.

Aliyefumbua fumbo ni mama yako. Alikuwa anazisoma barua zako upya kwa sauti, kwa sababu nyumba hii siku hizi ina sauti moja tu, alipofika pale pa "futa diski, isibaki na alama hata moja", akacheka. Akasema, "Baba Fundi, mbona huyu alikuwa anasema kile kisahani changu cha ndege? Anasema kipanguse." Alicheka, halafu akanitazama usoni, akaona, akaacha. Aliifunga ile barua akaenda kukaa uani mpaka nikamfuata.

Ni kweli. Kisahani nilikuwa nimeshakifuta kwa shati langu, basi ulivyosema futa, sikuwaza kisahani tena. Na mimi hicho nakiita kisahani, wewe unakiita diski, na mashine nayo ina diski yake tumboni, na neno letu la kupangusa vumbi ndilo hilohilo la kuondosha kitu kisirudi tena. Nilifuta ubao wa chaki siku zote zile za mnada, wala halikunipitia kichwani.

Sasa nisikilize, maana najua unavyokaa na mambo. Usiniandikie kwamba ungesema pangusa. Usiniandikie kwamba kuna mtaalamu mahali fulani. Neno ni lako, kidole ni changu, tugawane nusu kwa nusu na tusirudi kulipigia kelele. Kelele zenyewe sina.

Tajiri ameleta mnadi mpya. Ana koo kama jogoo wa jirani, hajui kutofautisha mninga na maboksi, lakini anasikika. Mimi hakunifukuza. Kila Jumamosi kabla watu hawajafika, nafuta vumbi kwenye samani. Nafuta meza, nafuta makabati, nafuta vioo, ndiyo kazi yangu. Angalau kufuta huku najua kunaishia wapi.

Mara ya kwanza ilikwenda na kisu cha daktari. Mara ya pili imekwenda na kidole changu mwenyewe. Mnadani hatuhesabu zaidi ya hapo, unajua neno linalofuata.

Nina ombi moja. Nimejaribu kuikumbuka sauti yangu, sikuweza. Nilikuwa nayo miaka zaidi ya hamsini, kisha miaka miwili kwenye spika, na sasa nikiitafuta kichwani napata maneno makavu. Namuuliza mama yako, anasema ilikuwa nene, halafu analia, basi siulizi tena. Tajiri anasema ilikuwa ya kukwaruza. Wewe uliisikiliza kuliko wote, wiki nzima ukiwa na vile vidude masikioni, ukikata na kuunga. Niandikie ilikuwaje. Usiisifie.

Baba yako


2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Shikamoo mama. Mimi mzima, nashukuru. Mmekaa muda mrefu bila barua yangu na malori yamepita mengi, nisameheni. Haikuwa ugonjwa wala haikuwa kazi.

Nimeianza barua hii kila lori lilipokuja. Nilitaka nikujibu ulivyoniuliza, bila kusifia. Niliandika ilikuwa nene, nikafuta. Niliandika ilikuwa na mkwaruzo pale mwanzo wa neno, hasa kwenye K, nikafuta, kwa sababu hilo naweza kuwa nimelichukua kwa Tajiri kwenye barua yako. Nilikwenda nyuma ya jenereta, mahali ambapo mtu hawezi kunisikia, nikafumba macho nikuite.

Maneno ninayo, baba. Ninayo yote, kwa mpangilio wake, mpaka pale ulipokuwa unavuta pumzi kabla ya "mara ya pili", mpaka kile kicheko kidogo mwishoni mwa M ambacho niliacha kukikata kwa makusudi. Kabati la milango mitatu. Halina mchwa, halina kesi. Naweza kukuandikia hata sekunde za kila moja, nilizipima mwenyewe. Nikifumba macho yanakuja moja baada ya jingine, hayakosei.

Lakini kila ninapoyasikiliza vizuri, sauti inayoyasema ni yangu.

Mwanao